Dawa za Sonona na Uzito wa Mwili

Kunenepa ni moja ya sababu zinazowafanya watu waache dawa za sonona kabla ya wakati. Mgonjwa anaanza kupata usingizi, machozi yasiyo na sababu yanakoma, anarudi kazini. Baada ya miezi kadhaa nguo zinambana, na mwenyewe anaamua kwamba dawa imeupooza mwili, hauchomi tena chakula kama zamani. Maelezo hayo yana ukweli kidogo na kosa kubwa, na kosa lenyewe ni la hatari kwa sababu humpeleka mtu kwenye tiba isiyo yake.

Umetaboli ni jumla ya kazi ambazo mwili hufanya ili kugeuza chakula kuwa nishati na kuitumia. Sehemu kubwa ya nishati hiyo haitumiki shambani wala sokoni. Hutumiwa na ubongo, moyo, ini na figo, hata mtu akiwa amelala. Kiwango hicho ni kigumu kubadilika kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science ulikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hubaki karibu vilevile kuanzia miaka 20 hadi 60, kisha hupungua kwa chini ya asilimia 1 kila mwaka. Mtu wa miaka 40 anayesema umri umempunguzia kasi ya mwili huwa analaumu kisichohusika.

Ushahidi mwingine umetoka Tanzania yenyewe. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Watu hao hutembea sana kila siku, na ilitarajiwa kwamba wangechoma nishati nyingi kuliko wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia uzito na umbile, tofauti haikuonekana, kwani inaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Kwa anayetumia dawa za sonona, maana yake ni kwamba njia kuu ya kudhibiti uzito inapita kwenye sahani na kwenye kikombe kuliko kwenye jasho.

Na huko ndiko dawa nyingi za sonona zinakogusa. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo bado hutumika sana katika hospitali za Afrika Mashariki, huzuia kazi ya histamini kwenye ubongo. Histamini humweka mtu macho na kusaidia kutuliza njaa. Ikizuiwa, usingizi unakuja na hamu ya kula inapanda, hasa ya vitu vitamu na vya wanga. Dawa hiyo pia hukausha mate na kufanya choo kuwa kigumu. Mdomo mkavu katika joto la mchana la Mwanza hutafuta kinywaji baridi, na kilicho karibu kuliko vyote kwenye stendi ya Buzuruga ni soda. Chupa moja ya mililita 350 huweza kuwa na gramu zaidi ya 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Chupa mbili kwa siku zinatosha kueleza kilo ambazo mgonjwa anadhani zimeletwa na umetaboli.

Dawa hazifanani. Mirtazapini huongeza uzito waziwazi, na paroksetini huongeza kuliko ndugu zake wengi. Fluoksetini mara nyingi haibadilishi kitu miezi ya mwanzo, na wengine hupungua kidogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia watu wazima zaidi ya 183,000 walioanza mojawapo ya dawa 8 za aina hii. Waliotumia sertralini waliongezeka kwa wastani wa kilo 0.2 baada ya miezi 6, na takriban kilo 1.5 baada ya miaka miwili. Esitalopramu na paroksetini zilizidi kidogo. Bupropioni, ambayo si rahisi kuipata kila mahali, ilikuwa chini ya zote. Ni wastani tu: wapo wasioongezeka hata kidogo na wapo wanaoongezeka kilo 10. Lakini wastani huo unaonyesha kwamba uzito huingia polepole, na ndiyo maana hauonekani hadi umekwisha kuwa mzito.

Jambo moja husahaulika. Sonona yenyewe huua hamu ya kula kwa wagonjwa wengi. Aliyepungua kilo 6 wakati wa ugonjwa, kisha akazirudisha baada ya kupata nafuu, hajaharibiwa na dawa, amepona. Bila kujua uzito wake wa kabla ya kuugua, hakuna anayeweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Upo, hata hivyo, umetaboli uliopungua kweli. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikitoa homoni kidogo, mwili wote hupunguza mwendo: mtu huhisi baridi wenzake wakitoka jasho, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, choo huwa kigumu, hedhi huwa nzito, mawazo huchelewa na huzuni huingia. Dalili hizo zinafanana sana na za sonona, na wapo waliotibiwa sonona kwa muda mrefu huku tezi ikiwa haijapimwa. Kipimo cha damu kinachoitwa TSH hutoa jibu, na hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza hukifanya. Anayetumia lithiamu anapaswa kukifanya mara kwa mara, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kudhoofisha tezi.

Dawa nyingine nazo zihesabiwe. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa anameza amitriptilini usiku, anachomwa sindano ya uzazi wa mpango kila miezi mitatu, na yuko kwenye dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zenye dolutegraviri. Zote tatu zimehusishwa na kuongezeka uzito. Mtoa huduma asipoziona zote kwa pamoja, lawama itaangukia moja tu.

Hatua yenye faida kubwa kuliko nyingine ni kupima uzito kabla ya kidonge cha kwanza, kisha kila mwezi kwa mwaka wa kwanza. Mizani ya kituo cha afya inatosha. Ongezeko la asilimia 5, yaani kilo 3.5 kwa mtu wa kilo 70, ni dalili ya kuzungumza na daktari mapema, wakati bado ni rahisi kurekebisha.

Vinywaji vya sukari ndivyo vya kuondoa kwanza. Kwa mdomo mkavu, maji yanayonywewa kidogo kidogo husaidia. Kwenye sahani ya mama lishe, ugali hauna haja ya kufutwa. Bonge likipunguzwa theluthi moja, mchicha au matembele yakaongezwa maradufu, na sato akawa wa kuchemsha badala ya kukaangwa, mlo unabaki kushibisha. Samaki, dagaa na maharage hutuliza njaa kwa muda mrefu kuliko wanga. Dona na mboga za majani husaidia pia choo kigumu. Kuruka mlo wa mchana hakufai, kwa sababu njaa iliyochochewa na dawa hurudi usiku na kudai zaidi. Kutembea kutoka Buzuruga hadi Mabatini badala ya kupanda daladala hakutapunguza kilo nyingi, lakini mazoezi ya kawaida hupunguza sonona yenyewe, hulinda misuli na huboresha usingizi.

Vidonge na chai za kupunguza mwili vinahitaji tahadhari kali. Nyingi ni dawa za kuharisha, zinazotoa maji na kuacha mafuta. Baadhi zimekutwa na sibutramini iliyofichwa, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Ikichanganywa na fluoksetini au sertralini inaweza kupandisha kemikali ya serotonini hadi kiwango cha kutishia maisha.

Kuacha dawa ghafla nako huleta kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi na hisia kama za umeme kichwani, na sonona inaweza kurudi. Matibabu huendelea kwa kawaida angalau miezi 6 baada ya dalili kuisha, kisha dozi hupunguzwa taratibu. Uzito ukisumbua kabla ya hapo, daktari anaweza kubadilisha dawa kwa kupishanisha dozi wiki kadhaa. Baada ya mabadiliko hayo njaa huanza kupungua kabla ya mizani kuonyesha chochote, na kilo zilizoingia kwa mwaka hazitoki kwa mwezi. Aliyeongezeka sana apimwe pia sukari na shinikizo la damu.