Mbona kiti cha nyuma cha matatu huumiza masikio?

Na MWANDISHI WETU

ABIRIA aliyezoea matatu za nambari 46 zinazokwenda Kawangware, au zile za nambari 8 zinazoelekea Kibera, hukijua kiti cha kuepuka: kile cha nyuma kabisa, karibu na spika.

Huko nyuma simu haisikiki, na anayetaka kushuka hulazimika kugonga bodi ya gari kwa sarafu ndipo utingo atambue. Papo hapo, dereva aliyeketi mbele huona muziki ni hafifu na kuongeza sauti.

Wengi hudhani chanzo cha kero hii ni ukaidi wa wahudumu. Ukaidi upo, lakini aghalabu kuna kosa la kiufundi pia: sauti ya mbele na ya nyuma hazijasawazishwa.

Katika matatu nyingi za abiria 14, spika ndogo za milango ya mbele hupata nguvu kutoka kwa redio yenyewe. Spika kubwa za nyuma, pamoja na wufa iliyofichwa chini ya kiti, huendeshwa na amplifaya yenye nguvu zaidi.

Isitoshe, miili na nguo za abiria hufyonza sauti nyembamba, ambazo ndizo hubeba maneno ya wimbo. Sauti nzito hupenya. Hivyo dereva hupata mngurumo usio na maneno, na kila anapoongeza sauti ili ayasikie, anayeumia ni abiria wa nyuma.

Madhara yake si kero tu. Kulingana na NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, mtu hapaswi kukaa penye sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu. Zinapofika 100, muda salama ni dakika 15 pekee.

Abiria anaweza kumaliza muda huo kabla ya msongamano wa magari kupungua. Utingo, ambaye hushinda ndani ya gari hilo kutwa nzima, yumo hatarini zaidi. Chembe za sikio la ndani zinapokufa hazioti tena.

Hatua za kufuata

Marekebisho hayahitaji kifaa kipya. Kwanza, egesha gari na urudishe vipimo vyote vya redio kwenye sufuri: sauti nzito, sauti nyembamba, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Katika redio nyingi herufi F huashiria mbele, na R nyuma.

Pili, punguza kabisa nguvu ya amplifaya kwa kuzungusha, kwa bisibisi, kidude ambacho mafundi hukiita geini. Cheza wimbo unaoufahamu vyema, wenye maneno yanayosikika wazi. Ongeza sauti ya redio hadi karibu robo tatu, kisha zungusha geini polepole. Spika za nyuma zikianza kukwaruza au kuzifunika za mbele, rudi nyuma kidogo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ikiwa amplifaya imeunganishwa kwa waya usiopitia kidhibiti cha mbele na nyuma, kusogeza kipimo kuelekea F hakutapunguza kelele za nyuma hata kidogo. Fundi abadilishe waya huo, au kazi yote ifanywe kwa geini. Wufa nayo mara nyingi huwa na kipimo chake.

Tatu, keti mahali pa dereva na usogeze kipimo kuelekea F, hadi sauti ya mwimbaji ionekane kutoka mbele yako. Kisha nenda ukaketi nyuma, wimbo ukiendelea.

Mwisho, rudia jaribio gari likiwa na abiria, kwani gari tupu hudanganya. Kipimo rahisi ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, huenda kelele zimefikia desibeli 85. Punguza.

Sheria nayo haijanyamaza. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizochapishwa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kelele za kupindukia zinazowasumbua wengine, na NEMA ni miongoni mwa wanaozitekeleza.

Hata hivyo, faida ya kwanza ni ya dereva mwenyewe. Akiyasikia maneno ya wimbo kwa sauti ya chini, ataisikia pia honi ya bodaboda kwenye Barabara ya Naivasha, king'ora cha ambulansi, na abiria anayeomba kushushwa Olympic. Naye aliyeketi nyuma atafika nyumbani masikio yake yakiwa salama.