Goli Litakalomuuma Kidogo

Mpira umewekwa mita 11 kutoka langoni. Golikipa karibu kila mara ataruka, kulia au kushoto. Mwaka 2007 Michael Bar-Eli na wenzake wa Israel walichapisha uchambuzi wa penalti 286 za ligi na mashindano makubwa: magolikipa waliruka katika asilimia 94 hivi ya mikwaju. Waliosimama katikati waliokoa karibu mmoja kati ya mitatu. Walioruka waliambulia mmoja kati ya saba au minane. Waliosimama walikuwa wachache, kwa hiyo hesabu hiyo si ya kuapia, lakini inatosha kumfanya mtu ajiulize wengine wanarukia nini.

Jibu la watafiti hao ni majuto. Aliyeruka akafungwa huambiwa amejitahidi. Aliyesimama wima mpira ukaingia pembeni ataulizwa alikuwa anangoja nini, na usiku atajiuliza mwenyewe. Basi anachagua goli litakalomuuma kidogo. Ndivyo majuto yanavyotuponza: yanatufikia kabla hata hatujatenda. Mkulima anakataa kuuza mahindi leo, asije akajilaumu bei ikipanda kesho, na dumuzi wanayageuza unga mle mle ghalani.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaohubiri kuishi bila kujuta. Mwaka 2004 Nathalie Camille na wenzake waliwachezesha bahati nasibu watu walioumia sehemu ya ubongo iliyo juu ya matundu ya macho. Kila mchezaji alichagua gurudumu moja kati ya mawili, kisha akaonyeshwa lile aliloliacha lingempa nini. Wenye ubongo mzima walinyong'onyea hata waliposhinda, wakiona lile jingine lingewapa zaidi. Wagonjwa walifurahia ushindi na kuchukia hasara, ila gurudumu waliloliacha halikuwagusa. Wenzao walijirekebisha raundi baada ya raundi. Wao waliendelea kuchagua vibaya.

Kwa hiyo uchungu huo tuuache ufundishe, kisha tuuwekee mpaka. Njia moja ni kuandika sababu zako siku ile ile unayoamua, maana matokeo yakishajulikana kila mtu hujiona alikuwa anayajua. Nyingine ni kufunga mlango. Daniel Gilbert na Jane Ebert, katika utafiti wa mwaka 2002, waliwapa wanafunzi wa Harvard darasa la upigaji picha. Kila mmoja alisafisha picha mbili na kubaki na moja. Baadhi waliruhusiwa kuibadilisha baadaye, wengine wakaambiwa wakishachagua wamechagua. Hao wa pili ndio walioipenda zaidi picha yao. Na wanafunzi wengine walipoulizwa wangependa kujiunga na darasa lipi, wengi walichagua lile la ruhusa ya kubadilisha.