Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi: Hesabu Kwanza, Mashine Baadaye

Kijana wa Migori au Homa Bay apatapo nafasi ya kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu, wazee wake hutazamia kwamba likizo ya kwanza haitapita kabla hajaitengeneza mashine ya kusagia unga iliyoharibika pale sokoni. Badala yake hurudi na madaftari yaliyojaa hesabu. Baba aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo huyafungua, huyatazama, kisha huuliza, "Mwanangu, mashine ziko wapi humu?"

Swali hilo ni la haki. Kijana mwenyewe huwa amekwisha kujiuliza mara nyingi, na wako wanaokata tamaa kwa sababu yake.

Masomo ya uhandisi katika Kenya huchukua miaka 5. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi hufundishwa hesabu, elimu ya nguvu na mwendo wa vitu, uchoraji wa kihandisi na kazi ya karakana, ambako husugua chuma kwa tupa mpaka kila upande uwe sawasawa. Siku hizi kompyuta nayo imeongezwa. Lakini kijana wa pande hizi ana bahati ambayo mwenzake wa mjini pengine hana, kwa maana mifano ya masomo yake iko karibu na kwao.

Tuchukue Thimlich Ohinga, ile boma ya mawe katika Migori iliyotiwa mwaka 2018 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu. Kuta zake, ambazo mahali pengine hufikia zaidi ya mita 4, zilijengwa bila udongo wala saruji. Kila jiwe hulemea jiwe jingine, na uzito wenyewe ndio uushikao ukuta. Mwalimu wa nguvu za vitu vilivyotulia hana somo jingine ila hilo.

Au hesabu ya maji yaangukayo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Maji ya kiasi hicho yakianguka mita 10 kila sekunde, nguvu ipatikanayo ni kilowati 98 hivi, kabla ya kutoa ile ipoteayo katika mitambo. Ajuaye hesabu hiyo akifika kwenye maporomoko ya Gogo, katika mto Kuja, huelewa mara moja kwa nini wenye mgodi wa Macalder walijenga hapo kituo cha umeme katika miaka ya 1950. Kituo hicho cha megawati 2 ni kidogo, lakini kanuni yake ni ile ile ya mabwawa makubwa.

Hata hivyo, mfano upitao yote uko Mbita. Katika miaka ya 1980 mlangobahari mwembamba kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo ili magari yavuke. Magari yalivuka kweli, na watu wa kisiwani walifurahi. Lakini maji ya ziwa, yaliyozoea kupita hapo, yalisimama. Uchafu ulikusanyika, magugu yakapata makao, na wavuvi wakalazimika kuzunguka kisiwa kizima ili wafike upande wa pili.

Sasa baba na alifungue tena daftari la mwanawe. Katika kurasa zihusuzo maji ataona kanuni fupi, kwamba maji yaingiayo mahali huwa ama yametoka, ama yamebaki humo. Kanuni hiyo haina sura ya mashine hata kidogo, lakini ndiyo iliyosahauliwa tuta lilipojengwa. Kuirudia kulihitaji daraja zima. Lilifunguliwa mwaka 2017, nalo tuta likakatwa, maji yakapata njia yake, na mashua zikapita chini huku magari yakipita juu.