Klarineti Inapokutana na Baridi

Januari 20, 2009, Barack Obama alipoapishwa mjini Washington, wanamuziki wanne mahiri walipiga muziki wa John Williams: Itzhak Perlman kwenye fidla, Yo-Yo Ma kwenye selo, Gabriela Montero kwenye piano na Anthony McGill kwenye klarineti. Walipiga kweli, lakini umati ulisikia rekodi iliyoandaliwa kabla ya siku hiyo. Baridi ilikuwa kali, chini ya nyuzijoto 0.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na klarineti ni sababu mojawapo.

Ala ya kupuliza hulia kwa mtikisiko wa hewa iliyomo ndani ya bomba lake. Hewa ikiwa na nyuzijoto 0, sauti husafiri mita 331 hivi kwa sekunde. Ikifika 20, mita 343. Bomba ni lile lile, ila mtikisiko unakwenda na kurudi haraka zaidi, hivyo nota inapanda. Shaba ya tarumbeta nayo hutanuka kwa joto, na bomba likirefuka sauti hushuka, lakini kwa nyuzijoto 10 bomba la mita moja haliongezeki hata robo ya milimita. Hewa ndiyo inayoamua.

Nyuzi za fidla hufuata njia nyingine kabisa: baridi huzikaza, sauti yake ikapanda wakati ya klarineti inashuka. Mpulizaji hujitetea kwa kusukuma vipande vya ala yake viingiane ili bomba lifupike. Vikishagota, hana la kufanya tena. Halafu kuna hatari ya mbao yenyewe. Klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji, na pumzi ya moto ikiingia ndani huku nje kuna baridi, mbao hiyo ngumu inaweza kupasuka.

Wafaransa walilizingatia joto mapema. Mwaka 1859 walipoamua kisheria kwamba nota La iwe mitikisiko 435 kwa sekunde, walitaja na kiwango chake: nyuzijoto 15.

Ndiyo maana bendi makini hailinganishi sauti kwa ala zilizotoka tu kwenye maboksi. Hupuliza kwanza dakika kadhaa, tuba ikihitaji muda mrefu zaidi kwa ukubwa wake. Na mpigaji anayesubiri zamu yake mahali pa baridi huendelea kupitisha pumzi kimyakimya ndani ya bomba, asije akaingia na nota iliyoshuka.