Ujuzi mikononi, cheti hakuna: Kwa nini maarifa ya mafundi wengi wa Rwanda hayaonekani katika uchumi rasmi

Juu ya mlima wa Kimihurura, wilayani Gasabo mjini Kigali, lipo Bunge la Rwanda, na karibu nalo jumba la mikutano la Kigali Convention Centre, ambalo kuba lake huwaka taa za rangi kila usiku. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 2016, na Julai mwaka huo likapokea wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika. Humo mara kwa mara huzungumziwa uchumi wa maarifa, teknolojia na ubunifu.

Mitaa inayoshuka kutoka mlimani hapo, kuelekea Rugando na kwingineko, huendeshwa na maarifa ya namna nyingine. Kuna mwashi anayesoma mchoro wa nyumba bila kuwahi kuingia darasa la ufundi, fundi cherehani anayekata kitambaa kwa kukadiria kwa jicho, na dereva wa pikipiki anayejua kila kichochoro cha jiji. Wote wana ujuzi, lakini wengi wao hawana hati ya kuuthibitisha. Pengo hilo ndilo kiini cha swali linalowashughulisha wanauchumi kwa miaka mingi: je, nchi ikiongeza elimu na ujuzi wa watu wake, uchumi usio rasmi hupungua?

Uchumi usio rasmi ni nini?

Dhana hii ilienea mwanzoni mwa miaka ya 1970, kufuatia utafiti wa mwanaanthropolojia Keith Hart nchini Ghana na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, kuhusu ajira nchini Kenya iliyotolewa mwaka 1972. Inahusu kazi halali ambazo hazijasajiliwa au hazilindwi na sheria za kazi na hifadhi ya jamii. Haihusu uhalifu. Wakenya huiita jua kali, na Watanzania huwaita wachuuzi wake wamachinga.

Kwa mujibu wa ripoti ya ILO ya mwaka 2018, watu bilioni 2, yaani zaidi ya asilimia 60 ya wenye ajira duniani, walikuwa katika kazi zisizo rasmi. Barani Afrika kiwango hicho kilikuwa asilimia 85.8, kilimo kikiwemo. Rwanda nayo haiko mbali na picha hiyo: sehemu kubwa ya wafanyakazi wake hawana mkataba wa maandishi wala mchango wa pensheni.

Kikwazo ni urasimu au ni ujuzi?

Kuna hoja mbili kuu. Ya kwanza ilitolewa na mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, katika miaka ya 1980. Kundi lake lilijaribu kusajili kiwanda kidogo cha nguo mjini Lima kwa kufuata kila sharti, na likatumia siku 289. Hitimisho lake lilikuwa kwamba maskini hawakimbii sheria, bali sheria ndiyo inayowafungia mlango.

Hoja ya pili iliandikwa mwaka 2014 na Rafael La Porta na Andrei Shleifer. Wao waliona kwamba biashara zisizo rasmi ni ndogo, tija yake ni ya chini, na waendeshaji wake wana elimu ndogo kuliko wale wa kampuni rasmi. Kwa maoni yao, kupunguza urasimu peke yake hakutoshi. Biashara hubaki nje kwa sababu haijafikia ukubwa ambao usajili unaanza kuleta faida.

Rwanda ni mahali pazuri pa kupima hoja hizo. Katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, iliyoundwa mwaka 2008 na yenye ofisi Gishushu, si mbali na Kimihurura, kampuni husajiliwa kwa njia ya mtandao, bila ada, kwa muda wa saa chache. Biashara ndogo kabisa, ambayo mauzo yake hayafiki faranga milioni 2 kwa mwaka, haitozwi kodi ya mapato. Mlango ambao de Soto aliukuta umefungwa Lima, Kigali umefunguliwa. Hata hivyo, wengi hawajaingia. Ni dhahiri kwamba kuna jambo zaidi ya urasimu.

Maarifa ya aina mbili

Fundi wa mtaani hujifunza kwa uanagenzi: hukaa na fundi mkuu, hushika zana, hukosea, hurekebishwa. Maarifa hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayojenga nyumba nyingi za Kigali. Lakini hayafundishi kuandika vitabu vya hesabu, kukadiria gharama kwa maandishi, kujaza nyaraka za zabuni au kutoa ankara ya kielektroniki. Anayekosa maarifa haya ya pili hubaki kuwa kibarua wa mwenye kampuni, hata kama amemzidi kwa ufundi.

Lugha nayo ina nafasi yake. Kiswahili, kinachozungumzwa tangu zamani katika mitaa kama Biryogo na Nyamirambo, kilipitishwa na bunge kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Kwa mfanyabiashara wa mpakani Rubavu anayeuza Goma, Kiswahili ni mtaji. Lakini lugha ya kufundishia shuleni iligeuzwa kuwa Kiingereza kwa uamuzi wa mwaka 2008, na fundi aliyesoma kabla ya hapo, au asiyemaliza shule, huweza kuelewa kazi vizuri kuliko fomu inayoieleza.

Kutambua ujuzi uliokwisha kuwepo

Njia moja ya kuziba pengo hilo ni kumpima mtu kwa kazi anayoifanya, kisha kumpa cheti bila kumrudisha shuleni. Nchini Rwanda, chama cha wafanyakazi wa ujenzi, STECOMA, kimeshirikiana na mamlaka za mafunzo ya ufundi ili waashi na maseremala wapimwe hivyo. Uganda hutoa hati iitwayo Worker's PAS, inayoorodhesha kazi ambazo mfanyakazi amethibitisha kuziweza. Tanzania, kupitia VETA, huwatambua mafundi waliojifunzia kazini.

Cheti, hata hivyo, hakitoshi chenyewe. Vijana waliohitimu vyuo nao huishia kwenye kazi zisizo rasmi pale ajira zinapokuwa chache. Serikali imejiwekea lengo la nafasi milioni 1.25 za ajira kati ya mwaka 2024 na 2029. Jambo la pili ni faida. Fundi akiona urasmi unaleta kodi na ukaguzi tu, ataukwepa. Akiona unaleta mkopo, zabuni na akiba ya uzeeni, ataufuata. Mpango wa akiba wa EjoHeza, uliozinduliwa Desemba 2018, ulibuniwa pia kwa wasio na mwajiri wa kudumu, na mtu hujiunga bila kuwa na kampuni.

Kwa hiyo jibu la swali la wanauchumi si la moja kwa moja. Elimu hupunguza uchumi usio rasmi pale inapomwezesha mtu kukuza kazi yake, na pale nchi inapokubali kuuhesabu ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Bila hayo, mwashi anaweza kujenga ukuta wa jengo la kifahari, kisha kesho yake akakosa kazi kwenye jengo la jirani kwa sababu tu hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliujenga.