Betri Itadumu Saa Ngapi? Hesabu ya Umeme kwa Mgonjwa Anayehitaji Oksijeni

Mji wa Mbeya upo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Mtoto mwenye nimonia huko, au katika vilima vya Iringa, ana akiba ndogo zaidi ya oksijeni. Umeme unapokatika usiku wa masika, swali la fizikia la darasani huwa swali la tiba: mashine ya kuzalisha oksijeni itaendeshwa na betri kwa saa ngapi?

Kanuni zinazohitajika ni mbili. Nguvu ya umeme, ipimwayo kwa wati, ni volti mara ampea. Nishati, ipimwayo kwa wati-saa, ni wati mara saa za matumizi.

Tuchukue mashine itoayo lita 5 za oksijeni kwa dakika. Nyingi za aina hiyo hutumia wati 350 hivi. Kiasi kamili huandikwa kwenye kibandiko chake. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400. Wengi huishia hapo, wakagawanya kwa 350 na kujipa karibu saa saba. Hapo ndipo hatari ilipo. Betri ya asidi huharibika mapema ikizoea kutumiwa zaidi ya nusu, hivyo tuhesabu 1,200. Inveta nayo hupoteza kama asilimia 15, zikabaki 1,020. Gawanya kwa 350: saa 2.9. Betri iliyochakaa hutoa pungufu, na baridi ya Mafinga mwezi Julai huipunguzia uwezo zaidi. (Mgonjwa akiwa hatarini na hakuna njia nyingine, betri na itumike hadi mwisho, betri hununuliwa.)

Kwa usiku wa saa 12 basi, betri nne za namna hiyo hazitoshi, zinatakiwa tano.

Nyaya pia zina hesabu yake. Kwenye soketi ya volti 230 mashine hii huvuta ampea 1.5 tu. Kwenye betri ya volti 12, pamoja na upotevu wa inveta, huvuta kama ampea 34. Joto katika waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, hivyo waya uleule ungepata joto takriban mara 500. Ndiyo sababu nyaya za betri huwa nene na fupi, na kiungo kilicholegea huweza kuungua.

Birika la umeme la wati 1,500, likichemsha maji ya chai kwa dakika 10, hula wati-saa 250. Hizo ni dakika 43 za oksijeni ya mtoto. Chai ya zamu ya usiku ichemshwe kwa gesi au mkaa, nje ya wodi na mbali na oksijeni.

Silinda ya oksijeni haihitaji umeme. Kwa betri moja, iwe kando ya kitanda tangu umeme unapokatika, na mgonjwa ahamishiwe humo kabla ya saa mbili na nusu kupita. Mgonjwa atumiaye mashine nyumbani aombe fundi na muuguzi wamfanyie hesabu hii kabla hajaruhusiwa kutoka hospitalini.