Walinzi wa Kweli Wasiolipwa Mshahara

Askari aliye zamuni langoni hampitishi mtu kwa kuwa amevaa vizuri, humtaka kitambulisho. Kazi kama hiyo hufanywa na watu wa kujitolea wanaohariri kurasa za muziki katika Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2001. Hawana sare wala mshahara, lakini wanayo amri moja: habari isiyo na ushahidi isipite.

Mwezi Machi 2009 alifariki Maurice Jarre, mtunzi Mfaransa wa muziki wa filamu ya Lawrence of Arabia. Papo hapo mwanafunzi mmoja wa Dublin akatia katika ukurasa wa marehemu maneno aliyoyabuni mwenyewe, akidai kuwa Jarre ndiye aliyeyasema. Alikusudia kuwapima waandishi wa habari. Wahariri wa kujitolea waliyafuta, maana chanzo chake hakikutajwa. Akayarudisha, wakayafuta tena. Hata hivyo, magazeti ya Uingereza, Australia na India yaliyanakili na kuyachapa. Wiki kadhaa zilipita bila mtu kugundua, hata mwanafunzi mwenyewe alipoyaarifu magazeti. Basi wenye mshahara walipitwa na uongo ambao wasio na mshahara walikwisha kuukamata.

Amri hiyo ina upande wa pili. Iko Adagio mashuhuri inayoitwa ya Albinoni, mtunzi wa Venice aliyefariki mwaka 1751. Aliyeichapisha, mwaka 1958, ni mtaalamu Mwitalia Remo Giazotto, akisema ameijenga juu ya kipande cha hati ya Albinoni. Hati hiyo ya asili haikupata kuonyeshwa. Mhariri mwema hamwachii Albinoni sifa isiyothibitika, wala hamwiti Giazotto mwongo. Huandika yanayojulikana, akakomea hapo. Polisi anayeandika maelezo ya kesi anaijua nidhamu hiyo: kushuku si kuthibitisha.

Kamusi elezo hiyo inayo pia sehemu ya Kiswahili, tangu mwaka 2003, na mlango wake u wazi. Mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi au ya polisi, aliyejifunza kusoma noti na mwenye kitabu cha kutegemea mkononi, anaweza kuandika humo baada ya zamu. Ila naye, kama mgeni yeyote langoni, ataulizwa: ushahidi wako u wapi?